Maswali na Majibu ya Kompyuta: Kadi ya Mtandao Haionekani kwenye DOS

SWALI: Ndugu Mhariri, chama chetu cha wakulima wa kahawa kina kompyuta mpakato ya zamani inayotumia MS-DOS 6.22, na ndani yake mna kumbukumbu za malipo ya wanachama. Faili lenyewe ni kubwa kuliko flopi, na kompyuta haina tundu la USB. Nilinunua kadi ya mtandao ya PCMCIA (kadi bapa inayochomekwa ubavuni mwa kompyuta mpakato) iliyokwisha kutumika, inayolingana na NE2000, modeli ya zamani ya kadi za mtandao iliyoigwa na wengi, nikaendesha draiva (programu inayoendesha kifaa) ya NE2000.COM. Draiva inasema haioni kadi, na taa ya kadi haiwaki hata waya ukiwa kwenye ruta. Je, kadi ni mbovu?
Msomaji, Mbale

JIBU: Ndugu msomaji, usiitupe kadi hiyo bado. Tundu la PCMCIA halipeleki umeme kwenye kadi mpaka programu maalumu iliamuru kufanya hivyo, ilhali draiva uliyotumia iliandikwa kwa ajili ya kadi za ISA, zinazochomekwa ndani ya kompyuta za mezani, ambazo hupata umeme mara mashine inapowashwa. Kwa hiyo draiva inaitafuta kadi kwenye anwani yake ya kawaida, yaani 300, na haikuti kitu, kwa kuwa kadi bado imezimwa.

Unachohitaji ni programu ya kuiwasha kadi, ambayo kwa kawaida watengenezaji waliiweka kwenye flopi iliyouzwa pamoja na kadi. Wauzaji wa vitu vilivyotumika huitenga flopi hiyo na kadi yake bila kujali, kwa hiyo itafute kwa kufuata namba ya modeli iliyoandikwa mgongoni mwa kadi. Hakikisha pia kwamba kadi ni ya biti 16: ile ya CardBus, ya biti 32, hutambulika kwa ukanda wa rangi ya dhahabu wenye vipele karibu na ncha inayochomekwa, na haiingii hadi mwisho kwenye tundu la zamani.

Mara nyingi kikwazo kinachofuata ni EMM386, programu ya DOS inayosimamia kumbukumbu ya kompyuta. Programu ya kuwasha kadi huhitaji sehemu ndogo ya kumbukumbu hiyo, aghalabu kwenye anwani ya D000, na EMM386 huenda imekwisha kuichukua. Katika CONFIG.SYS, faili la mipangilio ambalo DOS hulisoma inapoanza, ongeza X=D000-DFFF mwishoni mwa mstari wa EMM386, kisha uwashe mashine upya. Angalia pia IRQ, yaani namba ambayo kifaa hutumia kuiita prosesa. Watu wengi huchagua 3, lakini namba hiyo kwa kawaida hutumiwa na tundu la COM2, nayo 5 mara nyingi huwa ya kadi ya sauti. Mimi ningeanza na 10, mradi programu ya kuwasha kadi inairuhusu. Namba utakayoipa programu hiyo ndiyo utakayoipa draiva, kwa mfano:

NE2000 0x60 10 0x300

Hapo 0x60 ni namba ambayo programu nyingine zitaitumia kuiita draiva, 10 ni IRQ, na 0x300 ni ile anwani ya 300.

Draiva ikikuonyesha anwani ya kadi yenye tarakimu 12, sehemu ngumu imekwisha. Weka mTCP, mkusanyo wa programu za bure za mtandao kwa DOS za Michael Brutman, kisha utengeneze faili la TCP.CFG lenye mstari wa PACKETINT 0x60, na uielekeze DOS kwenye faili hilo kwa amri ya SET MTCPCFG=C:\MTCP\TCP.CFG. Endesha programu yake ya DHCP ili ruta ikupatie anwani ya mtandao. Ruta ndogo za mfukoni hazifai hapa, kwani nyingi hazina tundu la waya.

Usitarajie kufungua tovuti za leo, lakini kuhamisha faili kunawezekana kabisa: weka seva ya FTP (programu ya kupokea na kutuma faili) kwenye kompyuta mpya, uendeshe FTP ya mTCP kwenye ile ya zamani, uandike amri ya binary kabla ya put, amri ya kutuma faili, ili data isigeuzwe njiani. Ikiwa betri ya mashine imekufa, fanya kazi hiyo wakati umeme umetulia. Faili likifika, linganisha idadi ya baiti zake na ile inayoonyeshwa na DIR kwenye mashine ya zamani, na usifute chochote kabla ya hapo.