Majeshi, Fedha na Setilaiti za Kampuni: Majibu kwa Wasomaji

Marekani ina NASA tayari. Kwa nini iunde na Jeshi la Anga za Juu?

NASA ni shirika la kiraia linaloshughulika na utafiti. Jeshi la Anga za Juu, lililoundwa tarehe 20 Desemba 2019, huendesha setilaiti za mawasiliano ya kijeshi, zile zinazobaini joto la kombora mara linaporushwa, na mfumo wa GPS ambao simu yako hutegemea kujua mahali ulipo.

Fedha zake hutoka wapi, na ni kiasi gani?

Huidhinishwa na Bunge la Marekani kila mwaka, ndani ya bajeti ya Idara ya Jeshi la Anga. Katika mwaka wa fedha 2024 zilifikia takriban dola bilioni 29, kiasi kisichozidi asilimia 4 ya bajeti ya Wizara ya Ulinzi. Hata hivyo, setilaiti za upelelezi huendeshwa na shirika jingine, NRO, ambalo fungu lake limo katika bajeti ya ujasusi, na serikali hutangaza jumla ya bajeti hiyo bila mchanganuo. Naona hilo ni tatizo la kweli, kwa sababu mlipa kodi hawezi kupima thamani ya mikataba asiyoonyeshwa.

Kwa nini jeshi tajiri hivyo linunue huduma za kampuni binafsi?

Sababu ni muda na gharama: setilaiti kubwa ya kijeshi huchukua miaka mingi kuundwa, na ikiharibiwa moja tu, pengo lake halizibiki upesi, ilhali kampuni hurusha setilaiti ndogo kwa wingi na kuuza huduma ileile kwa wateja wengine pia. Mei 2022 NRO ilitangaza mikataba ya picha za setilaiti na kampuni za Maxar, Planet na BlackSky, na ule wa Maxar peke yake unaweza kufikia dola bilioni 3.24 katika miaka 10. Kwa upande wa kurusha roketi, mwezi Aprili 2025 kazi za usalama wa taifa ziligawanywa kati ya kampuni za SpaceX, ULA na Blue Origin, na mgao mkubwa zaidi, wa takriban dola bilioni 5.9, ukaenda SpaceX. Kuwagawia watatu ni busara, kwani mnunuzi mwenye muuzaji mmoja hana nguvu ya kujadiliana bei.

Vita vikianza, nani ana uamuzi wa kuzima huduma?

Hili ndilo swali zito kuliko yote, na Ukraine imelijibu kwa njia chungu. Tarehe 24 Februari 2022, siku ya uvamizi wa Urusi, shambulio la kimtandao liliharibu maelfu ya modemu za KA-SAT, huduma ya intaneti ya setilaiti ya kampuni ya Viasat, na katika siku zilizofuata Starlink, intaneti ya setilaiti ya SpaceX ya Elon Musk, ikawa tegemeo kubwa la mawasiliano. Baadaye Musk mwenyewe alieleza kwamba alikataa ombi la Ukraine la kuwasha huduma hiyo hadi Sevastopol, mji wa bandari wa Crimea. Yaani mmiliki wa kampuni aliamua jambo la kivita. Mwezi Machi 2025 mambo yakageuka, serikali ya Marekani iliposimamisha kwa muda uwezo wa Ukraine kupata picha za Maxar kupitia mpango wa serikali hiyo. Kwa maoni yangu, masharti ya kuwasha na kuzima yapaswa kuandikwa mkatabani wakati wa amani, yakiwa na adhabu, na yajulikane na Bunge.

Je, setilaiti ya kampuni inaweza kushambuliwa kihalali?

Oktoba 2022 Urusi ilisema katika Umoja wa Mataifa kwamba setilaiti za kampuni zinazotumiwa vitani zinaweza kulengwa. Sheria za vita huruhusu kulenga kifaa kinachotoa mchango halisi kwa operesheni za kijeshi, lakini madhara kwa raia lazima yapimwe, na setilaiti moja yaweza kuhudumia kikosi na hospitali kwa wakati mmoja. Mkataba wa Anga za Juu wa 1967 hupiga marufuku kuweka silaha za nyuklia katika mzingo wa Dunia na huiwajibisha nchi kwa matendo ya kampuni zake. Haukuandikwa kwa hali hii.

Kenya inahusikaje?

Shirika la Anga za Juu la Kenya liko chini ya Wizara ya Ulinzi, ingawa setilaiti yake, Taifa-1, ilikusudiwa kukusanya takwimu za kilimo na mazingira. Ilirushwa Aprili 2023 kwa roketi ya SpaceX kutoka Vandenberg, California, ambayo ni kambi ya Jeshi la Anga za Juu la Marekani.