Petunia za kuning'inia zinakauka Januari: angalia kwanza ziko ukuta upi

Dada uliyeuliza kwa nini petunia zako zilizofurika maua Desemba sasa zimebaki vijiti na majani yenye kingo za kahawia, ilhali unazimwagilia kila jioni: pole sana. Nimeyapitia hayohayo hapa Walukuba, Jinja, Uganda, na kama vijiti bado ni vibichi ndani, vikapu vyako havijafa.

Umesema vimening'inia baraza la kusini, na kwamba Julai hapohapo petunia zilistawi. Jibu liko hapo. Sisi tuko karibu kabisa na Ikweta, kwa hiyo jua halikai upande mmoja. Juni na Julai linapita kaskazini mwa anga, na ukuta wa kusini unabaki kivulini. Desemba na Januari linahamia kusini, linaingia chini ya ukingo wa paa na kuupiga ukuta huohuo karibu mchana kutwa. Mimi nilihangaika misimu miwili nikibadilisha udongo na mbolea, hadi nilipokaa barazani Jumapili nzima nikitazama kivuli kinavyotembea. Maelekezo mengi ya kilimo cha maua yameandikwa Ulaya, ambako ukuta wa kusini ndio wa jua majira yote. Huku kwetu hayafai.

Hamishia vikapu upande wa mashariki kama unao. Pale jua ni la asubuhi mwaka mzima, na baada ya saa sita kuna kivuli. Petunia zinatosheka na saa tano au sita za jua. Maua ya begonia, kama unayo, yapeleke kwenye kivuli zaidi. Na kama paa lako ni la mabati bila dari, usikifunge kikapu juu kabisa. Joto linalokusanyika chini ya bati saa nane mchana ni kali sana. Mimi niliongeza mnyororo vikashuka kama nusu mita, na tofauti niliiona wiki ileile.

Sasa maji. Kikapu kina udongo kidogo, na upepo wa ziwani unakizunguka pande zote, kwa hiyo kinakauka upesi kuliko chungu kilichokaa chini. Kiangazi mimi namwagilia asubuhi kabla ya saa mbili, taratibu, hadi maji yatiririke chini. Siku ya upepo narudia jioni. Siamini macho, maana udongo wa juu unaweza kuwa mkavu huku chini kumelowa. Nakiinua kikapu kwa kiganja: kikiwa chepesi kina kiu, kikiwa kizito nakiacha.

Lakini kuna jambo lililoniumiza. Nilienda msibani Tororo siku tatu, nikarudi nikakuta udongo umekauka ukaachana na kingo za kikapu. Nikamwaga maji, yakatoka chini papo hapo, nikaridhika. Kumbe yalipita pembeni tu, mizizi haikupata hata tone. Vikapu vinne nilivipoteza hivyo. Udongo ukifika hali hiyo, shusha kikapu, kitumbukize kwenye beseni la maji nusu saa, mpaka mapovu yaishe. Nadhani chako kinahitaji hivyo leo.

Kisha chukua mkasi. Vijiti virefu visivyo na majani vikate nusu, bila huruma, ila usivikate vyote siku moja: nusu leo, nusu baada ya wiki. Ua lililonyauka likate na kifundo chake cha chini, kwa sababu mmea ukianza kutengeneza mbegu unapunguza maua.

Mbolea ngoja hadi uone majani mapya. Maji ya kila siku yanaisafirisha nje, kwa hiyo kikapu kinahitaji chakula kidogo mara kwa mara. Mimi nayeyusha kijiko kimoja cha chai cha NPK 17:17:17 (mbolea ya dukani yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa kiasi sawa) katika lita 5 za maji, kila baada ya wiki mbili, na kabla ya kuitia namwagilia maji matupu kwanza. Mbolea kwenye udongo mkavu inaunguza mizizi, na huenda hiyo ndiyo sababu nyingine ya kingo za kahawia. Asiye na NPK aloweke samadi ya kuku wiki mbili, achuje, aongeze maji mpaka yawe na rangi ya chai nyepesi.

Juu ya udongo tandaza makapi ya kahawa, unene wa kidole, yasiguse shina.

Ukishusha kikapu, geuza majani utazame chini yake. Ukiona utando mwembamba na vidoa vya njano, huo ni utitiri, wadudu wadogo mno wanaopenda ukavu na joto. Nyunyizia maji kwa nguvu upande wa chini wa majani kila asubuhi, na kikapu hicho kitenge na vingine hadi utando uishe.