Fizi za paka zikipauka katikati ya upasuaji

SWALI: Shikamoo, Daktari. Ninafanya kazi katika kliniki ya wanyama hapa Tabata. Paka wa kufunga kizazi tunawalaza kwa sindano ya zailazini (dawa ya kutuliza) na ketamini (dawa ya usingizi). Mara nyingi, dakika chache baada ya sindano, fizi hupauka, na oksimita (kipima oksijeni ya damu) tuliyoibana kwenye ulimi husoma asilimia 98 kisha inakataa kabisa. Nitajuaje kama damu bado inafika kwenye mishipa midogo?

JIBU: Marahaba. Kupauka huko mara nyingi husababishwa na zailazini yenyewe, ambayo huibana mishipa midogo ya pembeni na kupunguza mwendo wa moyo, kiasi kwamba fizi huweza kuwa nyeupe hali shinikizo la damu liko sawa au hata limepanda. Aisofluraini, gesi ya usingizi, hufanya kinyume chake: huilegeza mishipa, fizi zikabaki na wekundu wa kupendeza huku shinikizo likiporomoka. Kwa hiyo, kabla ya kuisoma rangi, kumbuka kwanza ni dawa gani imo mwilini.

Oksimita nayo inaonewa bure. Kazi yake ni kupima kiwango cha oksijeni kwenye damu inayofika pale ilipobanwa. Wingi wa damu hiyo haiujui, kama mtu anayepima usafi wa maji ya bomba bila kujali kama yanatoka kwa nguvu au yanadondoka. Isitoshe, ulimi wa paka ni mwembamba, na kibanio kikikaa muda huikamua damu yote mahali hapo. Weka kipande cha shashi kilicholoweshwa katikati, au hamishia kwenye sikio au kidole. Namba zikirudi, tatizo lilikuwa kibanio. Zikigoma kila mahali, mtazame mgonjwa.

Kisha bonyeza ufizi juu ya chonge mpaka uwe mweupe, uachie, na uhesabu: rangi irudi kabla ya sekunde 2. (Paka wa rangi ya chungwa huwa na madoa meusi kwenye fizi, hivyo tafuta sehemu safi.) Hata hivyo usikitegemee kipimo hiki peke yake, kwani rangi huweza kurudi kwa muda mfupi hata baada ya moyo kusimama.

Kama kliniki inaweza kununua kifaa kimoja tu cha ziada, ningeshauri Dopla, kifaa kinachogeuza mwendo wa damu kuwa sauti. Nyoa manyoya chini ya mguu wa mbele, juu kidogo ya ile nyama laini kubwa ya unyayo, pakaa jeli, tega kipokeo juu ya ateri, ukifunge kwa plasta bila kukaza. Utausikia mkondo wa damu wenyewe kwa kila pigo, na sauti ikianza kufifia utaacha kushona na kuangalia kabla namba yoyote haijabadilika. Mkanda wa presha uwe na upana wa takribani asilimia 40 ya mzingo wa mguu. Kipimo cha juu cha presha kikishuka chini ya 90 (mmHg), mimi huchukua hatua, ingawa kwa paka aliyelala Dopla huelekea kusoma chini kidogo ya hali halisi.

Shika pia nyayo za nyuma uone kama zimepoa. Joto la Dar es Salaam hutudanganya: kiyoyozi kinapuliza, tumbo limenyolewa na kulowa spiriti, na paka mdogo hupoa upesi, mishipa ikajibana zaidi.

Shinikizo likishuka, punguza gesi kwanza, mpashe joto, kisha ndipo ufikirie dripu, ukianza na mililita 3 kwa kilo kwa saa, maana mapafu ya paka hujaa maji kwa urahisi. Hesabu pia shashi zilizolowa damu. Paka wa kilo 3 ana damu ya takribani mililita 180 tu, isiyojaza glasi. Na moyo ukienda polepole huku zailazini bado imeibana mishipa, usikimbilie atropini, dawa ya kuuharakisha moyo, kwa sababu utaulazimisha moyo kusukuma kwa kasi dhidi ya njia zilizofungwa. Hali ikiwa mbaya, itangue zailazini yenyewe kwa atipamezoli au yohimbini, ukijua kwamba sehemu ya kinga ya maumivu itaondoka nayo.