Hatifungani zilinitia hasara, na mke wangu hajui

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 58 na natarajia kustaafu nikifika 62. Pensheni itabeba nusu ya matumizi yetu. Nusu ya pili lazima itoke kwenye akiba, na akiba yetu leo inaweza kuziba pengo la mwaka mzima mara 22. Zote ziko kwenye mifuko saba ya ETF, ile inayonunuliwa na kuuzwa sokoni kama hisa. Niliikusanya mmoja mmoja kwa kusikia watu wanasifia nini: S&P 500 (kampuni kubwa 500 za Marekani), Nasdaq 100 (kampuni kubwa za soko la Nasdaq la Marekani), wa dunia nzima, wa kampuni za teknolojia, wa kampuni zenye gawio kubwa (faida inayogawiwa wenye hisa), mmoja unaozidisha mwendo wa soko mara tatu, na mmoja wa hatifungani (hati za mkopo) za serikali ya Marekani zinazoiva, yaani mkopo kurudishwa, baada ya miaka 20 na zaidi. Huo wa mwisho niliambiwa ndio salama. Mwaka 2022 uliporomoka karibu theluthi, nikauza nusu yake kwa hofu na sikumwambia mke wangu. Yeye anataka tuhamishie kila kitu kwenye amana ya benki. Kaka yake anasema hatifungani zimekufa, tuweke zote kwenye hisa. Kila tukikaa kuzungumza tunaishia kununiana. Nishike lipi?*

*Mstaafu mtarajiwa*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa hiyo 2022. Naanza nayo, kwa sababu naona ndiyo iliyokukaa kooni, na bila kuielewa hutaweza kumjibu mkeo wala shemeji yako.

Serikali ya Marekani haikukwepa kulipa hata senti moja mwaka ule. Kila aliyekuwa na hatifungani zake alilipwa riba kwa tarehe yake. Kilichoanguka ni bei. Benki kuu ya nchi hiyo ilianza kupandisha riba mwezi Machi kutoka karibu na sifuri, na kufikia Desemba ilikuwa imevuka asilimia 4. Sasa fikiria wewe ni mnunuzi. Ukiweza kupata hatifungani mpya inayolipa 4, ile ya zamani inayolipa 2 hutaigusa mpaka mwenyewe akushushie bei. Na kama imebakiza miaka 25 kabla ya kuiva, utadai punguzo kubwa mno, maana utakaa na riba hiyo ndogo robo karne. Ikiwa imebakiza miaka miwili, punguzo dogo linatosha.

Ndiyo maana katika mwaka uleule, kwa hatifungani za serikali ileile, zilizobakiza mwaka 1 hadi 3 zilishuka takribani asilimia 4 tu, na za miaka 20 na zaidi zikashuka takribani 31. Soko pana la hatifungani za Marekani, linalochanganya za muda mfupi na mrefu, lilipoteza kama 13. Aliyekuuzia neno "salama" alisema kweli kuhusu mkopaji, akanyamaza kuhusu muda.

Chukua karatasi ya maelezo ya mfuko wako uitafute namba inayoitwa dyuresheni. Huandikwa kwa miaka. Ikisoma 2, riba ya soko ikipanda kwa asilimia 1, mfano kutoka 3 hadi 4, bei ya mfuko itashuka kwa kama asilimia 2. Ikisoma 6, kama 6. Mifuko ya aina yako husoma 15 au zaidi. Riba ikishuka, hesabu inageuka na kuwa faida, na hapo ndipo wengi hunaswa, kwa sababu huangalia faida ya miaka iliyopita na kudhani ni tabia ya mfuko. Nakuomba usinunue tena mfuko wowote wa hatifungani kabla hujaisoma namba hiyo.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Hatifungani kwenye akiba ya uzeeni zina kazi moja, nayo ni kukuwezesha kula bila kulazimika kuuza hisa katika mwaka mbaya. Faida yake ni ya ziada. Ukilishika hilo, aina ya kununua na kiasi chake vitatokana na matumizi yako mwenyewe, hutahitaji kubashiri riba.

Tuseme umestaafu na mafungu 100, yote yakiwa kwenye hisa, na mwaka wako wa kwanza ukawa kama 2008, ambapo S&P 500 ilipoteza asilimia 37 pamoja na gawio lake. Unabaki na 63. Unatoa 4 za kula, unabaki na 59. Ili urudi kwenye 100, soko lipande karibu asilimia 70, na wakati huo wewe bado unakula. Mwenye miaka 35 akipigwa hivyo anasubiri, tena ananunua kwa bei ya chini. Mstaafu anauza kwa bei ya chini, na kipande alichouza hakipo tena soko linapopanda. Wastani wa faida wa miaka 30 unaweza kuwa mzuri kabisa, lakini mabaya yakitangulia, akiba inaweza kuisha kabla mazuri hayajafika. Shemeji yako hapa ndipo anapokosea. Anazungumza kama mtu ambaye bado anaweka, wakati wewe unakaribia kutoa.

Mwaka huohuo wa 2008, soko pana la hatifungani za Marekani lilipanda kama asilimia 5. Aliyekuwa nazo alikula kutoka huko, hisa zake akaziacha zijiponye. Zilipona lini? S&P 500 ilifika kilele Oktoba 2007, na bei yake ilikirudia kilele hicho Machi 2013. Hiyo ni miaka mitano na ushei.

Kwa hiyo mimi ningekugawia hivi. Akiba yako ni ya miaka 22 ya pengo. Tenga miaka 8 au 9 kwenye fedha taslimu na hatifungani, hiyo 13 au 14 iliyobaki iwe hisa. Inatoka kama asilimia 60 hisa na 40 upande wa pili, mgawanyo wa kawaida sana ambao hauna haja ya kuonewa aibu. Ndani ya hiyo miaka 8 au 9, fedha za mwaka wa kwanza ziwe amana au dhamana za serikali za muda mfupi. Za mwaka wa pili hadi wa nne ziwe kwenye mfuko wa hatifungani wenye dyuresheni ya 2 au 3. Zinazobaki zinaweza kwenda kwenye mfuko wa kati, wenye 5 au 6. Uzito wa muda ufuate tarehe ya kula.

Ipo pia mifuko ya hatifungani yenye mwaka wa kuisha. Mfuko unataja mwaka kwenye jina lake, hatifungani zake zote huiva mwaka huo, kisha unafungwa na fedha hurudi kwa wenye vipande. Mtu anaweza kununua mmoja kwa kila mwaka wa mwanzo wa kustaafu kwake, akajua takribani nini kitamfikia na lini. Kwa mtu aliyeumizwa kama wewe naipenda, kwa sababu hata bei ikiyumba katikati, una tarehe ya kuitazamia.

Sarafu ya mfuko wa hatifungani iwe ile unayonunulia chakula chako, au mfuko uwe umekingwa dhidi ya mabadiliko ya sarafu hiyo. Hisa za dunia zinaweza kuyumba na sarafu, hiyo tumeizoea. Hatifungani inayoyumba na sarafu imeacha kazi uliyoiajiri.

Kuna mambo mawili utashawishiwa nayo. La kwanza ni riba nono za kampuni zenye madeni mazito. Riba hiyo ni malipo ya hatari. Mwaka 2008 hatifungani za namna hiyo nchini Marekani zilipoteza kama asilimia 26, kwa hiyo zilianguka pamoja na hisa siku ileile zilipohitajika. La pili ni hatifungani zinazopandishwa kufuata mfumuko wa bei, ambazo Marekani imezitoa tangu 1997. Hizi nazipenda na ningekushauri sehemu ya zile za muda wa kati ziwe za aina hiyo kama zinapatikana kwa sarafu yako. Ila nazo zina bei sokoni. Za Marekani zilishuka kama asilimia 12 mwaka 2022, ingawa mfumuko ulikuwa mkali, kwa sababu riba ilipanda kuliko kinga ilivyoweza kufidia. Muda ni muda hata kwenye hatifungani nzuri.

Mkeo je? Yuko sahihi kwamba kuna fedha isiyotakiwa kutikisika hata kidogo, na miaka ya mwanzo hapo juu ni yake. Tatizo la kuweka zote kwenye amana ni kwamba mnaweza kuishi miaka 25 au zaidi baada ya kustaafu. Mfumuko wa bei wa asilimia 3 tu kwa mwaka hufanya 100 ya leo inunue kitu cha 48 baada ya miaka 25. Riba ya amana mara nyingi hukimbizana na mfumuko bila kuuacha mbali, tena mtakuwa mnaila. Mwonyeshe hesabu hiyo kwa upole, usiitumie kumshinda.

Upande wa hisa nitakwenda haraka, kwa sababu kazi ni kupunguza. Mfuko wa dunia nzima peke yake tayari una zaidi ya nusu ya uzito wake Marekani. Fungua orodha ya kampuni kubwa kwenye mfuko wa S&P 500, wa Nasdaq 100 na wa teknolojia, utakutana na Apple, Microsoft na Nvidia kote. Unadhani umetawanya mayai, kumbe umebadilisha vikapu tu. Baki na wa dunia nzima. Wajapani waliojaza hisa za kwao tu mwishoni mwa 1989 walisubiri mpaka Februari 2024 kuiona fahirisi ya Nikkei ikirudi kwenye kilele chake, na hakuna nchi iliyoandikiwa kwamba jambo hilo haliwezi kuipata.

Huo unaozidisha mara tatu, uuze kwanza. Huzidisha mwendo wa siku moja moja. Soko likishuka asilimia 10 leo na kupanda 11.1 kesho, limerudi pale pale. Mfuko wako umetoka 100 ukaenda 70, kisha umepanda asilimia 33.3 na kuishia 93 na kidogo. Soko halijapoteza kitu, wewe umepoteza karibu 7. Kifaa hicho kinatengenezwa kwa watu wa kununua asubuhi na kuuza jioni.

Tazama pia ada ya mwaka. Mafungu 100,000 yakikua kwa asilimia 5 kwa miaka 25, ukikatwa 0.1 kila mwaka yanafika karibu 331,000. Ukikatwa 0.9, karibu 273,000. Mfuko wako wa gawio kubwa uupime kwa kipimo hicho, na ukumbuke kwamba gawio linatoka kwenye thamani ya kampuni ileile. Kuuza vipande vichache vya mfuko mpana huleta fedha ileile mfukoni, na mara nyingine kwa kodi ndogo.

Kuhusu kiasi cha kutoa, lipo jambo sitalificha. William Bengen, mshauri wa fedha wa Marekani, alipofanya hesabu zake mwaka 1994 kwa takwimu za Marekani tangu 1926, alikuta kwamba mtu aliyeanza kwa kutoa asilimia 4 ya akiba, kisha akaongeza kufuata mfumuko wa bei, hakuishiwa ndani ya miaka 30. Akiba ya mara 22 inamaanisha utaanza kwa karibu 4.5. Haitishi, ila imebana. Una miaka minne ya kuongeza mpaka ifike mara 25, au mkubaliane kubana matumizi mwaka ambao soko limeanguka.

Usihamishe vyote kwa siku moja bila kuangalia kodi ya faida nchini kwako. Baada ya ule wa mara tatu, anza na iliyo na hasara au faida ndogo, michango mipya yote ielekeze kwenye hatifungani, na mifuko mingine uipunguze hatua kwa hatua katika miaka hii minne. Ukiuza, mpe dalali wako bei ya kikomo, yaani ya chini kabisa unayokubali, usiuze kwa bei yoyote itakayotokea, na epuka dakika za mwanzo soko linapofunguliwa, ambapo pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza huwa pana.

Mwambie mkeo kuhusu 2022 kabla hujagusa mfuko wowote. Mweleze ulinunua nini, ulipoteza kiasi gani, na kwa nini ilitokea, kwa maneno haya ya muda na bei, bila kumtupia lawama aliyekushauri. Anaweza kukasirika, na ana haki. Lakini anataka amana kwa sababu anaona hajui fedha ziko wapi, na hujampa sababu ya kuona vingine. Ukimaliza, kaeni muandike pamoja karatasi moja: mifuko mitatu au minne mliyobaki nayo, kila mmoja ni wa miaka ipi, jina la dalali, namba ya akaunti, na hatua za kutoa fedha. Mwachie yeye atoe ya kwanza kwa mkono wake ukiwa umekaa pembeni, ili siku akiwa peke yake asilazimike kumuuliza kaka yake auze nini.

Shangazi