Jibu: kwa nini kahawa unayokaanga nyumbani inakuwa chungu kama dawa

Mkuu uliyeuliza kwa nini kahawa ya Kibosho uliyoletewa na shemeji inakuwa chungu kama dawa ukiikaanga mwenyewe, nimeonja kahawa kwa kazi hapa Moshi miaka kadhaa, ngoja nikwambie.

Siku yangu ya kwanza nilionja kikombe nikasema "chungu". Mzee aliyekuwa ananifundisha hakunijibu. Akachemsha chai ya rangi mpaka ikawa nyeusi tii, akakata ndimu, akatoka nje kuchuma jani la mwarobaini. "Onja." Chai ilinikausha ulimi kama nimelamba ganda la ndizi mbichi: ukakasi huo. Ndimu ikanikunja uso, mate yakajaa: uchachu. Mwarobaini niliutema, lakini ukang'ang'ania kooni. Nikarudia kikombe changu. Kumbe kilikuwa kichachu tu, na arabika, aina ya kahawa ya huku mlimani, ndivyo ilivyo.

Kwa hiyo jichunguze kwanza unaonja nini. Kama ni ule uchungu wa mwarobaini, kitazame kikaango chako. Watu husingizia kafeini. Ni chungu kweli, ila mchango wake ni mdogo, na arabika ina karibu nusu tu ya kafeini ya robusta, ile aina nyingine ya kahawa, ya Bukoba. Uchungu mwingi unazaliwa motoni, asidi za buni zinapogeuka, na ukizidisha moto unazidi kuwa mkali. Tega sikio: buni zitalia kama bisi. Zikilia mara ya pili, mlio mwembamba wa harakaharaka, na mafuta yakaanza kung'aa juu, umeshachelewa. Ipua kabla ya hapo, mwaga kwenye ungo upepete, maana zikibaki kikaangoni zinaendelea kuungua.

Halafu usichemshe unga wa kahawa dakika ishirini kama maharage! Sisi tunapoonja ni gramu 8.25 kwa mililita 150 za maji ya moto, dakika 4, basi.

Ila uchungu msiusingizie kila kitu. Wanywaji wa mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, wanajua, bila gome chungu la mti wa msesewe unabaki na uji wa ndizi mtamu. Bibi yangu wa Old Moshi alichovya ncha ya kidole kwenye uji wa ulezi uliotiwa msesewe, akalamba, akasema "bado", akaongeza kipande. Kwenye kahawa pia tunapenda kauchungu kadogo, kama ka chokoleti.

Hiyo uliyokwisha kuiunguza usiitupe. Tia chembe ya chumvi kikombeni, uchungu utapungua. Shemeji asijue.