Kayaki ya kukanyaga, magoti yanauma
Swali: Habari mhariri, niko Florida, nimenunua kayaki (mtumbwi mdogo) ya kuvulia ya kampuni ya Hobie, ile ya pedali, mtumba, nikikanyaga nusu saa tu magoti moto, na nataka kufunga fishifainda, kile kifaa cha kuonyesha samaki majini, nianze na nini?

Jibu: Pole sana ndugu, anza na magoti, fishifainda itasubiri. Pedali zake zina namba za kurefusha na kufupisha, weka zote mbili kwenye namba ileile, goti libaki limekunja kidogo hata ukisukuma mpaka mwisho. Ukifika maji mafupi sukuma pedali moja mbele kabisa, mapezi, yale yanayoisukuma, yanalala chini ya kayaki hayakwangui mchanga. Fishifainda ifunge kwenye reli, usitoboe bodi bure, betri chukua lithiamu ya volti 12, nyepesi. Na laifujaketi ivae, usiikalie, nakuomba.