Barua kwa Mwanangu: Bakuli la Chini ya Birika

Mwanangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Ama baada ya salamu, sisi huku Lamu hatujambo, alhamdulillahi. Babako amerudi baharini salama, na bibi yako anakuulizia kila uchao.

Juzi kwenye simu uliniuliza swali nikakujibu nusu, maana mtandao ulikuwa unakatika na mimi nina chungu motoni. Ulisema: "Mama, moyo umenitoka na samaki. Tangi lipo, samaki wapo, lakini nikiwaangalia nahisi uchovu tu. Wewe ulipoacha ile miaka miwili, kipi kilikurudisha? Niliuze au ningoje?" Swali hilo nimelala nalo na kuamka nalo. Leo nimekaa chini nikujibu sawasawa.

Lile tangi la kwanza unalikumbuka, la lita 60, babako alilonunua kwa mgeni mmoja aliyekuwa anahama Shela. Ulikuwa darasa la tatu. Tuliliweka chini ya zidaka za ukutani, mkiwa na samaki wadogo wa gapi sita tu, madume watatu wenye mikia ya rangi kama leso mpya. Kila baada ya magharibi nilikaa mbele yake na kofia ya kushona mkononi. Nikitia sindano, nikiinua macho, nikitia sindano. Sikujua jina la ugonjwa hata mmoja wa samaki, na sikuwa na haja ya kujua.

Kilichoniharibia ni kununua. Niliona picha ya wale samaki wadogo wa neon, wenye mstari wa buluu unaowaka, nikawatamani. Nikaagiza kumi na wawili kutoka Mombasa. Walikuja kwa basi kutwa nzima hadi Mokowe, ndani ya mfuko wa plastiki, kisha boti mpaka hapa. Wiki ya tatu hakubaki hata mmoja. Nikaagiza wengine. Mara tatu nimefanya hivyo, na mara tatu nimewazika kwenye chungu cha mrehani.

Wakati ule nilidhani mkono wangu una kisirani. Kumbe kosa lilikuwa mbele ya macho yangu, kwenye birika la chai. Neon asili yake ni vijito vya Amazon, maji karibu na ya mvua, hayana madini. Sisi maji yetu ni ya visima, yamepita kwenye mchanga na mawe ya matumbawe, na visima vingine vina munyu. Unajua mwenyewe sabuni huku ilivyo bahili wa povu, na magamba meupe yanavyoshika ndani ya birika la chai. Nilitia dawa ya kuyatia maji asidi kidogo, na siku ya pili ya tatu maji yamerudi yalipokuwa, kwa kuwa madini yenyewe ndiyo yanayoyashikilia. Kwa hiyo kila wiki nilikuwa napigana na kisima. Nani amewahi kukishinda kisima?

Halafu nikaongeza tangi la pili, la lita 200. Samaki wakafika arobaini na kitu. Usiku mmoja wa kaskazi kali stima ikapotea tangu isha hadi alfajiri. Maji ya moto hayashiki hewa nyingi, na samaki walikuwa wamesongamana. Pampu ilipozima, hewa ikawaishia. Nilisimama na kikombe nikiteka maji na kuyamimina kutoka juu ili yapate hewa, mpaka mkono ukafa ganzi. Asubuhi tisa walikuwa juu ya maji.

Tokea siku hiyo nikawa napita mbele ya tangi nikigeuza uso, kama mtu anayepita duka analodaiwa. Hapa nisikilize vizuri, babangu, kwa sababu nadhani ndipo ulipo wewe sasa. Nilikuwa bado nawalisha, ila nilikuwa natupa chakula huku natazama kwingine. Kioo kikaota ukoga wa kijani. Nikawa najiambia Ijumaa nitasafisha, Ijumaa ikija nasema ijayo. Kila nilipochelewa deni likaongezeka, na kila lilipoongezeka nikazidi kulikimbia.

Mwishowe nikaona aibu, nikalilipa deni lote siku moja. Niliondoa maji yote, nikasugua kioo, nikaosha mchanga, nikafua sponji ya filta kwa sabuni mpaka ikarudi rangi ya dukani. Tangi likang'ara. Kufika Ijumaa ya pili nilikuwa nimetoa samaki ishirini na watatu waliokufa.

Nilikuja kuelewa baadaye. Kinyesi cha samaki na chakula kinachobaki hutoa amonia, nayo ni sumu. Wako bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo ni sumu vilevile, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia mpaka ubadilishe maji. Hao bakteria wengi wao hawaelei majini. Wamejishika kwenye sponji, mchangani, kwenye mawe. Mimi niliwafua wote kwa sabuni, kisha nikawarudisha samaki ndani ya nyumba isiyo na choo.

Waliosalia nikawagawa. Tangi kubwa likauzwa, na lile dogo nikatilia nyuzi zangu za kofia. Ulipokuja Idi ukaniletea filta mpya, ukitaka kunifurahisha. Nilikushukuru kwa moyo wote, lakini haikutoka kwenye boksi. Usinielewe vibaya, zawadi ilikuwa nzuri. Ila mtu aliyechoka na vitu huwezi kumwamsha kwa kumwongezea kitu.

Sasa nije kwenye birika, si lile la chai, ni lile la kujengwa la kuwekea maji ya kuogea, maana ndilo jibu lako.

Mwaka 2018 birika la chooni kwa bibi yako kule Mkomani lilipasuka likawa linavuja ukutani. Akaja fundi, akaanza kuteka maji kwa ndoo. Nilikuwa nimekwenda kumsaidia bibi kuhamisha vyombo. Fundi akaniita: "Mama, njoo uone, huku chini mna samaki."

Mimi nimezaliwa nyumba ile, nimeoga kwa maji ya birika lile utoto wangu wote, na nilijua mna samaki. Nyumba zetu za kale ndivyo zilivyo: samaki wadogo hutiwa birikani wale viluwiluwi vya mbu. Lakini sikuwahi kuliona birika likiwa tupu. Kule chini kabisa, wazee waliojenga walikuwa wamelitia bakuli la kaure la Kichina, limeshikizwa kwa chokaa kwenye sakafu ya birika. Nikamuuliza bibi ni la nini. Akanitazama kama nimeuliza jua la nini. Akasema, "Maji yakiisha, samaki wakae wapi?"

Bakuli lilikuwa limebaki na maji kiasi cha vibaba viwili, na samaki watano, wa rangi ya majivu, si wakubwa kuliko kidole chako cha mwisho. Hakuna hata mmoja ambaye ungemnunua. Fundi alitaka kuwahamisha kwenye kopo, bibi akakataa, akasema mahali pao ni pale. Fundi akaenda kutafuta chokaa. Nikavuta mbuzi ya kukunia nazi, nikakalia, nikainama.

Mwanzo sikuona kitu, samaki watano wanazunguka bakuli tu. Baadaye kidogo nikagundua hawazunguki ovyo. Mmoja alikuwa na upande wake, penye ua la buluu lililofifia, na kila mwenzake akikaribia humfukuza urefu wa ukucha kisha hurudi palepale. Kiluwiluwi kimoja kikajipinda kupanda juu kuvuta hewa. Yule mwenye ua hakukikimbilia. Alingoja kilipogusa uso wa maji, akakinyakua. Nikangoja nione cha pili. Adhana ya adhuhuri ikanikuta palepale, mgongo umenikaza, na mwanangu, sikuwa nimehesabu chochote. Si lita, si dawa, si shilingi, si waliokufa. Sikumbuki mara ya mwisho kabla ya hapo nilipomwangalia samaki bila kumkadiria.

Shauku haikurudi siku hiyo kwa kishindo. Nilirudi nyumbani nikapika. Lakini jioni nilizitoa nyuzi ndani ya tangi.

Nililijaza maji ya kisima chetu, vile yalivyo, sikutia dawa yoyote. Nikaweka mchanga, majani ya majini, na ile filta yako ikatoka kwenye boksi hatimaye. Nikaliacha wiki sita bila samaki, natia punje za chakula kidogo kidogo ili bakteria wapate cha kula na kuongezeka. Babako alikuwa akiniuliza kwa nini nakaa mbele ya maji matupu. Hayakuwa matupu. Kulikuwa na vikonokono vilivyokuja na majani, na jioni ukimulika tochi unaona vidudu kama vumbi linaloruka. Nilivipenda.

Kisha nikatia gapi watano, na baada ya miezi mitatu moli wanne. Wote hawa wanayapenda maji yetu yenye madini, na munyu kidogo hauwasumbui. Wanazaa bila kuombwa, mpaka nawagawia majirani kwa ajili ya mapipa ya maji. Neon sijaagiza tena na sitaagiza. Stima ikipotea silali na kikombe, kwa kuwa samaki ni wachache na maji yanawatosha. Kila Ijumaa asubuhi natoa ndoo moja ya lita 15, natia nyingine. Sponji naikamua ndani ya hayo maji niliyoyatoa, si chini ya mfereji. Dakika ishirini nimemaliza, nakwenda zangu.

Sasa wewe. Umesema hujabadilisha maji miezi miwili, na Jumamosi unataka kulisafisha tangi lote. Usifanye hivyo, nakuomba. Samaki wamezoea maji yalivyo sasa, hata kama ni mabaya. Ukiyageuza ghafla utawaumiza. Toa moja ya kumi, ulaze maji mapya kwenye ndoo siku nzima klorini ipungue, utie, upumzike. Kesho yake tena. Baada ya wiki mbili utakuwa umefika bila kilio.

Jambo la pili ni hao samaki wako wa mbuna. Wao ni wa Ziwa Malawi, maji yao yana madini kama haya yetu. Wewe uko Nairobi, maji mengi ya huko yanatoka bwawa la Ndakaini, ni ya milimani, sabuni kidogo tu karai limejaa povu. Umewaweka kwenye maji ya neon, kama mimi nilivyowaweka neon kwenye maji ya mbuna! Huo unga wa kuongeza madini unaonunua kila mwezi ni vile vita vyangu na kisima. Tia mfuko wa changarawe ya mawe ya chokaa ndani ya filta, itayeyuka taratibu yenyewe. Au wagawe mbuna kwa mtu mwenye maji yanayowafaa, ubaki na samaki wa maji yako. Hakuna aibu katika kugawa. Ila usiwamwage mtoni hata kwa huruma.

Na ukiamua kuliuza, liuze, mimi sitakulaumu. Mimi mwenyewe nilikaa miaka miwili na sijutii hata mmoja.

Lakini kabla ya hapo, kuna kitu ulikitaja upesi ukakipita, nami kimenikaa. Ulisema jike mmoja wa manjano amegoma kula wiki nzima na kidevu kimemvimba, ukasema "ugonjwa mwingine tena." Babangu, mbuna jike huatamia mayai yake mdomoni. Hukaa nayo kiasi cha wiki tatu, na muda wote huo hali au hula kidogo sana. Leo usiku zima simu, vuta kiti, kaa mbele yake mpaka akuzoee. Tazama chini ya kidevu. Ukimwona anatafunatafuna polepole ilhali hana chakula, anayageuza mayai. Usimtie dawa. Niandikie umeona nini.

Bibi anakusalimu sana.

Mamako,
Lamu